Taarifa ya Kifo cha Miwani

Dada yangu Adela,

Shikamoo. Kwa majonzi makubwa natangaza kwa ukoo wote, walioko hapo Keza na walioolewa hadi Biharamulo, kwamba miwani yangu imefariki dunia. Chanzo cha kifo, kama nilivyokuambia kwenye simu, niliikalia. Marehemu ameacha mjane, ambaye ni pua yangu, na kikasha kimoja yatima. Usichinje kitu kwa ajili ya msiba huu, hasa yule beberu wako mnene unayemsalimia asubuhi kabla ya mumeo.

Magoti yanakuachia ulale? Maharage yameota vizuri? Mimi napumua, ingawa baridi ya huku Uholanzi inanitafuna masikio. Bado nipo kiwanda cha nyama. Yule mdogo wako aliyekuwa akikimbilia migombani kuku akichinjwa, sasa anashinda na buti kwenye damu, kisu kiunoni, ng'ombe wakipita juu yake wakining'inia kwenye kulabu. Juzijuzi nusu ya ng'ombe ilinijia kutoka ubavuni, ikanitandika chini. Wenzangu wakasema mimi ndiye mtu wa kwanza kupigwa na ng'ombe aliyekwisha kufa. Ule uvimbe ulioniona nao usoni kwenye simu nilikuambia ni wa siku hiyo.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike, maana wanao nikiwapigia hawanisikilizi. Ulinisimulia hivi: mbuzi wa mdogo wetu Erasto walikula maharage ya jirani yake Sebastiani, wakatukanana, kisha jioni moja Sebastiani akakutana naye kwenye njia ya migombani akamnyooshea mkono yaishe. Kwetu, ukiuacha mkono wa namna hiyo hewani, umemwambia mwenzako kwamba umeshamzika. Sebastiani anaapa kuwa Erasto alimpita kama anavyopita kisiki. Erasto anaapa hakukuwa na mkono wowote. Kilichofuata ni mpini wa jembe. Mkono wa Erasto ukavunjika, kichwa kikapasuka kikashonwa, meno yakabaki njiani. Na sasa wanao wananoa mapanga mchana kweupe, wanangoja kikao cha wazee kiishe, kwa sababu mmoja kati ya wale wawili ni mwongo, na wameshaamua ni nani.

Adela, hakuna mwongo. Nina picha, nimeziweka humu ndani. Ndiyo maana nimempa barua mtu wa kwetu anayerudi likizo, ashuke Nyakanazi ampe mwenye bodaboda akuletee mkononi.

Ni picha za macho. Hospitali walinitia matone mpaka mboni ikapanuka kama ya paka, wakaniweka kidevu juu ya kibao, nisipepese. Mashine yao inapiga picha ukuta wa nyuma wa jicho, penye seli zinazopokea mwanga, na ndani yake kuna kioo kinachojirekebisha chenyewe mpaka kila seli ionekane peke yake. Nikamwuliza mama daktari kama ataona na dhambi zangu. Akasema hiyo mashine bado hawajanunua.

Ile yenye alama ya kalamu nyekundu ni ya jicho la Nestori, Mrundi ninayefanya naye kazi. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole enzi zile, na ndiye aliyenipeleka hospitali. Alikubali kupigwa picha ili nione jicho zima lilivyo. Iangalie: ni kama mtama uliotandazwa kwenye ungo, punje kwa punje hadi ukingoni. Ile nyingine ni yangu. Katikati punje zipo. Pembeni ni kama umewaachia kuku.

"Seli za kuonea gizani ndizo zinazotangulia kufa, kuanzia pembeni," daktari akaniambia. "Unachungulia dunia kama mtu aliyeweka bomba jichoni. Jua likizama, hata hicho kidogo kinapungua. Kuzirudisha, kwa ugonjwa wako, bado hatujaweza. Na mara nyingi huu hurithiwa. Kwenu kuna mwingine anayegongagonga vitu?"

Nikacheka, kisha nikashindwa kucheka. Baba yetu, Adela. Kijiji kizima kilimwita mwenye majivuno kwa kuwa hapokei mikono ya watu. Kwenye harusi yako alikanyaga mtungi wa pombe ya ndizi, tukasema mzee amelewa kabla ya kunywa. Na Erasto, anayejikwaa kwenye kamba za mbuzi wake mwenyewe kila jioni!

Daktari amesema hawezi kumpima Erasto akiwa huku, lazima apelekwe kwa wataalamu wa macho. Lakini amenifundisha jambo mnaloweza kulifanya kikaoni. Mketishe Erasto uso kwa uso na Sebastiani. Hawatapenda, wavumilie. Erasto aitazame pua ya Sebastiani, asihamishe macho. Wewe simama nyuma yake, ulete kidole polepole kutoka sikioni kuja mbele, aseme akikiona. Kisha mfanyie Sebastiani vilevile. Wanao wasimame karibu watazame. Kama Erasto atanyamaza mpaka kidole kimfikie puani, watajua mkono ule ulikuwepo na hakuuona. Kama atakiona mapema, basi mimi nimesema upuuzi na mnicheke. Ila mapanga yawe ndani. Mpini wa jembe ni kosa bado, hilo nawaachia wazee.

Nisalimie shangazi anayeniombea, mwambie aongeze sala. Msalimie katekista, na mjomba wa Biharamulo anayedai alinifundisha kuendesha baiskeli, wakati alinisukuma tu mtaroni.

Kabla sijafunga, nikuambie ukweli. Miwani sikuikalia. Na ng'ombe alinipiga mbavu tu.

Nestori aliazima kisu changu akakirudisha butu. Tukatukanana mbele ya Waholanzi wasioelewa hata neno. Baada ya kazi, kwenye ujia wenye taa hafifu, alininyooshea mkono kutoka pembeni. Nikampita. Ngumi yake ilivunja miwani usoni mwangu. Nikaanguka, akanikalia kifuani akapiga tena, na damu ikanijaa mdomoni. Alikuwa analia huku anapiga.

"Nimekupa mkono, Deo! Nimekupa mkono unanipita kama mbwa!"

"Mkono gani?" nikasema.

Ngumi ikabaki juu. Akanyoosha mkono kando ya uso wangu, akautikisa.

"Huu hapa, sha, ndugu yangu. Huuoni?"

"Uko wapi?"

Akausogeza. Nikauona ulipokaribia pua. Yeye akashuka, akapiga magoti kuokota vipande vya miwani. Hakujua kwamba wakati wote ule mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshafika kiunoni, umeshika mpini wa kisu kilekile, na nilikuwa nimeshakitoa nusu. Asingesikia lile swali langu, leo ningekuwa nakuandikia kutoka gerezani.

Nikakirudisha, nikampa mkono.

Mdogo wako,
Deo