Vioo vya Mbuyi

Jumanne, ku gare ya Kolwezi. Treni ya Kasai bado.

Mvua imebandua majina yote kwenye vioo vidogo vya Mbuyi, binti yangu munganga wa hospitali, vyenye matone ya damu ya watu. Miaka sita anatazama askari wa damu, zile chembe nyeupe, na darubini, mumoja mumoja. Wenyeji walipotufukuza sisi Wakasai, aliokoa vioo, akaacha sufuria.

“Tata, kazi yangu imekufa. Sijui tena damu ya nani ni ya nani.”

“Tazama vizuri. Ya jirani Muteba, aliyetufukuza, haina panga?”

“Tata!”

“Na yangu ya Mukasai, haina valizi ya safari?”

Akacheka na machozi yake. Akatazama kweli. “Zinafanana.”

“Basi andika zote: mutu wa Kolwezi.”

Aliandika, mujinga wangu.

Mi nilizaliwa hapa. Kule Kasai sijui wataniandika nani.