Mbayuwayu wa mayu Milembe

"Mfungue huyo ndege." "Mayu, hii ni picha tu." "Mfungue, nimesema."

Deo, tumerushiana maneno hivyo kibarazani kwa mayu Milembe, yule mama jirani yetu hapa Mwandoya. Utani umenitokea puani kaka.

Nilimpiga picha mbayuwayu kwa flashi akiwa anaruka. Kwenye kamera mabawa yametulia tuli, kila unyoya unauona. Mi nikamtania mayu kwamba mwanga umemgandisha, haruki tena.

Akaamini. Kaka, akaamini.

Akainamia ile picha muda mrefu. Unajua mikono yake inavyotetemeka tangu wamzike mwanaye Mwandu, hata kikombe hashiki.

Mara ugomvi kausahau. Kainyoosha mikono yote miwili mbele yangu, inatetemeka.

"Basi nigandishie na hii."