Upande Mmoja wa Barua za Lorvaux

Ixelles, Ubelgiji, 14 Oktoba 2012

Papa yangu mpendwa,

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na nne, na nimejiapiza mbele ya daftari langu kwamba barua hii itakuambia yote, hata yale ambayo Maman Victorine angependa niyaruke. Kwanza, hujambo? Mgongo unaendeleaje? Baridi ya huko imeshaanza? Sisi tunamshukuru Mungu. Maman ana kikohozi kidogo tu, cha kutoka alfajiri kwenda kusafisha ofisi za mtaa wa Schuman. Anasema wewe, shemeji yake, uvae soksi mbili.

Kama kawaida, ataisahihisha barua hii kwa kalamu nyekundu kabla hatujabandika stempu. Aliyekuwa mwalimu Uvira haachi kuwa mwalimu kwa sababu ameshika ufagio.

Shuleni Madame Berthe ametupa kazi: kila mmoja aeleze mji mdogo wa nchi nyingine, ulivyozaliwa na tabia yake. Tatiana amechukua mji wa Hispania alikokwenda likizo. Mimi nimechagua Lorvaux, Wisconsin. Wenzangu wakauliza, "Ndiyo wapi huko?" Nikasema, "Kwa baba yangu." Sijafika, lakini nitafika, kwa hiyo bora nianze kuufahamu.

Kwenye ramani nimepata nukta tu. Niambie basi, nani aliujenga? Watu wake wakoje? Na ile ofisi ya uhamiaji uliyoiomba nije kwako, Papa, imejibu? Ulisema miezi sita. Huu ni wa saba.

Mtoto wako,
Ushindi


Lorvaux, 5 Novemba 2012

Binti yangu Ushindi,

Barua yako imenikuta mzima, nikitoka kiwanda cha jibini na harufu ya maziwa hadi kwenye nyusi. Mgongo uko palepale. Mwambie shemeji soksi ni tatu.

Lorvaux ni barabara moja. Ukipiga chafya penye kanisa, wa kwenye ghala la nafaka anakuitikia. Lakini watu hawasemi sana. Dereva akikutana nawe anainua kidole kimoja juu ya usukani, hiyo ndiyo salamu yake. Mwanzoni nilidhani wananionya. Siku hizi nami nainua, na nikisahau wananiuliza kanisani kama naumwa.

Nilipofika waliniletea chakula katika mabakuli yenye majina yao yaliyobandikwa chini. Nikayaosha, nikayajaza maharage, nikayarudisha. Chombo cha jirani kitarudije kitupu? Walipoona mabakuli yamerudi yamejaa, wakaja wawili wawili kuniuliza kwa huzuni kama chakula chao kilikuwa kibaya.

Mji huu ulijengwa na wakulima kutoka vijiji vya karibu na mji wa Namur, huko Ubelgiji. Ndiyo, Namur ileile ya jina la kituo chako cha metro. Walifika zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, baridi ikiwa mlangoni, wakakuta msitu mtupu. Walikata miti, wakauza mbao, na mbao zilipokwisha wakafuga ng'ombe. Wajukuu wao hawajui tena Kifaransa. Jumapili ya kwanza nilipopita makaburini nilisimama: juu ya mawe kulikuwa na majina ya ukoo yaleyale ya mapadri Wabelgiji walionifundisha kusoma kule Kivu.

Bibi wa maktaba, jina lake Doris, ana sanduku la barua ambazo waasisi walipokea kutoka kwao. Hakuna anayeweza kuzisoma. Aliniuliza, "Ninyi huko mlisoma kwa lugha gani?" Nikamjibu, Kifaransa. Akaweka kikombe chake chini polepole. Sasa kila Alhamisi namsomea.

Sasa ile ofisi. Imejibu. Katika karatasi za Ubelgiji mama yako anaitwa Victorine, na yuko hai. Katika karatasi zangu mama yako ni Bibiane, marehemu mke wangu. Wanauliza nani kati yetu anadanganya. Mwulize shemeji, kwa upole, alijibu nini siku mlipofika Ubelgiji.

Papa yako,
Jean-Marie


Ixelles, 25 Novemba 2012

Papa mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Kikohozi cha Maman kimepona.

Nilimwuliza akiwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini. Ninayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ameyasoma na amekataa kuyasahihisha.

"Bon. Muntu wa bureau akaniuliza, 'Huyu ni mutoto wako?' Ulikuwa na miaka quatre, mine tu, umenishika shingo. Mutoto wa dada yangu ni mutoto wangu. Ulitaka nimukane Bibiane mbele ya muntu mwenye kushika bic ya kuandikia?"

"Lakini Maman, walitaka kujua nani alinizaa."

"Basi wangeuliza hivyo. Hawakuuliza."

Tulikwenda kwa mwanasheria wa parokia. Alisema kuna njia moja tu: Maman atie sahihi kwenye komuni, ofisi ya manispaa, kwamba yeye si mama yangu. Maman alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Alors, hii neuf ans yote, miaka tisa, nilikuwa nani? Baby-sitter?" Njiani, tulipofika kituo cha Porte de Namur, akasema kwa sauti ndogo, "Na kama watasema nilidanganya, wakakamata karatasi zangu?" Nilimshika mkono, na sikuwa nimemshika mkono barabarani tangu nilipokuwa darasa la pili.

Nimepata dix-sept juu ya vingt, kumi na saba juu ya ishirini, kwa kazi ya Lorvaux. Madame Berthe alipenda sana mabakuli.

Nina hamu ya kukuona, Papa. Nina picha yako moja, na ndani yake unatazama pembeni.

Mtoto wako,
Ushindi


Lorvaux, 20 Desemba 2012

Ushindi wangu,

Noeli njema kwako na kwa shemeji. Mimi ni mzima, nimezungukwa na theluji.

Tumemaliza sanduku. Barua ni thelathini na moja, na ishirini na sita kati yake zinahusu ng'ombe: nani amezaa, nani amekufa, nani ameuzwa kwa hasara. Doris alivunjika moyo. Alitegemea waasisi wawe na mambo makubwa zaidi.

Lakini kuna moja, ya mwaka 1858. Binti mmoja, Odile, alikuja huku na jirani yao wa kijijini, na inaonekana alimwandikia mama yake kwamba sasa yeye anamwita jirani huyo mama. Mama yake amejibu hivi: "Sikulia. Nililia kidogo. Mwambie akufunge kitambaa kifuani, mapafu yako ni ya baba yako. Na wewe, ukiulizwa una mama, unasema nini?"

Niliisoma mbele ya watu wote katika ukumbi wa zimamoto. Mzee Walt, ambaye kwa miaka miwili hajanipa zaidi ya kidole kimoja, alivua kofia. Wakaniuliza, "Odile alijibu nini?" Nikawaambia majibu ya Odile yalibaki Ubelgiji. Hapa tuna upande mmoja tu.

Usimlazimishe shemeji. Alikubeba wakati mimi sikuweza. Nitasubiri.

Papa yako,
Jean-Marie


Ixelles, 9 Juni 2013

Papa yangu mpendwa,

Nisamehe. Barua zako tatu ziko chini ya mto wangu na sikujibu hata moja, kwa sababu sikutaka kukuandikia tumaini kabla sijalishika mkononi. U mzima? Mimi ni mzima. Hii nimeiandika peke yangu maktabani. Maman hajaisahihisha, makosa yote ni yangu.

Ametia sahihi.

Hakuniambia mapema. Jumatano alivaa kikwembe chake cha Pasaka, akasema, "Kuja, tunaenda komuni." Alisoma karatasi yote, mara mbili, akatia sahihi. Kisha akaandika pembeni, kwa mwandiko wake wa ubaoni: Sikumzaa. Nimemlea. Bwana wa dirishani akauliza, "Madame, hii ni nini?" Maman akamjibu, "Ni sahihi yangu. Ni ndefu."

Hakuna aliyemkamata. Bwana alipiga muhuri tu.

Tangu siku hiyo kalamu nyekundu haijatoka mkobani. Jana amerudi na soksi nne za sufu, mbili zangu, mbili zako. Nilimwuliza, "Na zako?" Akasema, "Mimi naenda wapi?"

Mahojiano ya viza ubalozini ni tarehe 2 Julai. Mwanasheria amenifundisha: watauliza jina lako, jina la mji wako, na mama yangu ni nani, na jibu lazima lifanane na karatasi. Swali la kwanza na la pili nayaweza. Naijua Lorvaux yako kama barabara yetu, hata kidole cha Walt.

Lakini Maman Victorine atanisindikiza, na atakuwa amekaa karibu nami akisikia. Tafadhali jibu upesi, barua ifike kabla ya siku ile: wakiniuliza mama yangu ni nani, Papa, niseme nini?

Mtoto wenu,
Ushindi