Sabufa Niliyoifunga Mwenyewe

Jumatatu, 1 Julai

Nimeosha gari. Baridi ya kukata vidole. Nimekwenda Lukozi mara mbili: watu kwenda, karoti kurudi. Ukungu haukuondoka barabarani mpaka saa tano. Kila kona unapiga honi, unatulia, unasikiliza. Ukijibiwa, unangoja mwenzako apite. Kukiwa kimya, kona ni tupu, unaingia. Kidole gumba kinauma.

Harusi ya Jumamosi amechukua dereva mwenzangu Salimu tena. Sababu ni moja tu, gari lake lina sabufa, ile spika ya mdundo mzito. Akifika kwa bibi harusi vikombe vinatetemeka kabatini. Mimi nikifika na Probox yangu ni kama nimeleta mbolea. Inaniuma na sitajifanya haiumi.

Nimeamua. Nafunga sabufa.

Jumanne, 2 Julai

Nimepita kwa Fundi Kaniki, Lushoto mjini, anayefunga redio za magari. Sijui kitu, kwa hiyo nilikwenda na maswali yangu nimeyaandika kwenye karatasi. Je, redio yangu ya zamani inaweza kuendesha sabufa peke yake? Waya uwe mnene kiasi gani? Boksi liwe kubwa kiasi gani? Betri itavumilia?

Nilisoma la kwanza tu. Kaniki alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akawaita wenzake waje wasikie. "Kaka, hiyo redio yako haimwamshi hata paka." Wakacheka wote. Mimi nimesimama na karatasi yangu mkononi, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Alipomaliza kucheka alinijibu vizuri, hilo nalikubali. Sabufa inataka amplifaya, mashine ya kukuza sauti. Waya mnene wa shaba utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi yake ikae karibu na betri, siyo nyuma huko. Waya wa hasi ufungwe kwenye bodi ya gari, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Boksi lisivuje hewa. Halafu kuna waya mwembamba wa kuiamsha amplifaya pale redio inapowashwa. Akasema nilete gari Alhamisi.

Nimesema nitafikiria. Sirudi pale hata kwa dawa.

Alhamisi, 4 Julai

Leo sikwenda Lukozi. Sabufa na amplifaya nilinunua jana. Nimejenga boksi uani. Mbao, gundi, misumari ya kuzungusha. Mke wangu, Mama Zuhura, ametoka jikoni akauliza kama nimeanza kufuga nyuki. Niliendelea kukaza misumari.

Nimefuata yote ya Kaniki. Fyuzi iko karibu na betri. Waya mnene umepita kwenye tundu la mpira, chini ya zulia, mpaka nyuma. Chuma nimekikwangua. Umebaki ule mwembamba. Redio yangu haina pa kuuchomeka. Hilo swali sikuwa nimeliandika. Ningeweza kumpigia Kaniki. Sikupiga.

Ijumaa, 5 Julai

Nimepata jibu mwenyewe! Chini ya usukani kuna kisanduku cha fyuzi ndogo. Nimezichomoa moja moja nikipima kwa balbu. Moja ilikuwa na moto wa umeme. Nimezungushia ncha ya waya mwembamba kwenye mguu wake mmoja nikaikandamiza irudi. Haikuzama yote, imesimama kidogo. Amplifaya ikawasha taa ya kijani. Nilipiga kelele, nikaona aibu.

Nikawasha muziki baada ya swala ya Ijumaa. Kioo cha nyuma kilitikisika. Majirani walitoka. Idrisa, mtoto wa Mzee Hoza wa nyumba ya juu, alisimamisha pikipiki yake ya biashara akaja kuweka kiganja juu ya boksi. "Braza, hii inapiga mpaka kwenye maini!" Ni yeye wa kwanza kuisifu. Nalala na furaha.

Jumapili, 7 Julai

Betri imekufa. Kumbe ile fyuzi ina moto saa zote, hata nikitoa ufunguo, na amplifaya ilikesha. Watu wanne wamenisukuma. Salimu alipita polepole makusudi.

Nimeweka swichi kwenye ule waya mwembamba, ile ya ukutani ya taa za nyumbani. Nikishuka nazima. Tatizo limekwisha. Fyuzi yenyewe sijui ni ya nini, kifuniko chenye maandishi kilipotea kabla gari halijawa langu. Lakini taa zinawaka, wipa inakwenda, honi inalia. Nimejaribu kimoja kimoja. Mambo safi.

Jumanne, 9 Julai

Mama Zuhura kapanda nami mpaka sokoni. Njia nzima kajiziba sikio moja. Karibu na kona akanyoosha mkono akazima redio. "Utasikiaje wenzako?" Nikawasha. Akazima. Nikamwambia nimeendesha barabara hii miaka kumi na mbili, yeye hajawahi kushika usukani. Akaziba na sikio la pili.

Kweli muziki ukiwa juu hata honi yangu siisikii vizuri. Najua imelia kwa sababu kidole kimebonyeza. Inatosha.

Alhamisi, 11 Julai

Harusi mbili za Agosti zimeniita. Mbili! Mzee mmoja ameshuka kabla ya kwake, anasema moyo unamwenda mbio. Nilicheka.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemgonga Idrisa. Yuko hai. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 15 Julai

Siku mbili sijala kitu cha maana. Naandika ili kitoke kichwani.

Ilikuwa saa nane mchana. Napanda kwenda Lukozi, peke yangu. Ukungu mzito. Muziki juu, nilikuwa najaribu nyimbo za harusi. Kabla ya kona ya mawe nilibonyeza honi. Sikuisikia, na sikushtuka, maana siku hizi siisikii. Nikatulia kidogo ningoje jibu. Sikusikia jibu. Nikaingia.

Idrisa alikuwa anateremka na magunia mawili ya karoti. Nimeambiwa hospitalini anasema alipiga honi mara mbili. Namwamini. Anasema yangu haikulia. Kwake kimya, kwangu kimya, kila mmoja akajua kona ni tupu. Akaichukua katikati kukwepa ule ukingo uliomomonyoka, kama tunavyofanya wote kona ikiwa tupu. Nikamkuta katikati.

Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya pikipiki. Karoti barabara nzima. Niliita watu, ukungu ukanyamaza. Nikakimbilia gari nipige honi ya kuomba msaada. Redio nilikuwa nimeshaizima. Nikabonyeza. Hakuna. Nikabonyeza tena. Hakuna.

Nikaingiza mkono chini ya usukani. Ile fyuzi yangu ilikuwa imepanda kwa mitikisiko ya barabara, imekaa upande. Mguu wenye waya wangu unagusa, mwingine uko hewani. Muziki unapata moto, honi haipati. Kumbe ndiyo fyuzi ya honi. Nikaikandamiza kwa kidole gumba. Honi ikalia mlima mzima. Niliishikilia bila kuachia mpaka wakaja watu kutoka mashambani, na majembe mikononi.

Trafiki alipofika alipima breki, akapima taa, akapima honi. Honi ikamlilia vizuri. Akaandika. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nilijua kwamba nusu saa nyuma ilikuwa bubu. Sikufungua mdomo.

Jumatano, 17 Julai

Wamemkata mguu, chini ya goti.

Trafiki amesema kosa ni la pikipiki: ilikuwa katikati ya barabara. Nimerudishiwa gari na leseni. Nimeendesha mpaka nyumbani kwa gia ya pili. Salimu alinipungia mkono kwa huruma.

Ijumaa, 19 Julai

Msikitini watu wananipa pole mimi. Mimi! Wanasema hawa vijana wa pikipiki ndio walivyo, hawapigi honi, halafu wanasingizia wenye magari. Watu wa mashambani wameshasema waliisikia honi yangu ikilia sana. Kweli waliisikia. Hakuna aliyeuliza ilikuwa kabla au baada.

Nimeitikia pole kwa wote. Nimetoka kabla ya watu kutawanyika.

Jumapili, 21 Julai

Mzee Hoza amekuja.

Amekuja na kaka yake mkubwa, wote wamevaa kanzu na koti, kama wanavyokwenda wazee wa kwetu kwenye jambo zito. Niliwaamkia shikamoo. Wakaitikia wamesimama. Hawakukubali kiti mpaka waseme walilokuja nalo.

Wamekuja kuniomba radhi. Mwanawe kaniharibia jina, mzee anasema, kwa kudai hospitalini kwamba sikupiga honi. "Mwanangu, kijana ana maumivu, anasema asilolijua. Nimemkataza. Hatalisema tena." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono ya kulima kabichi, imepasuka.

Nilisema yamekwisha, mzee wangu. Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Nikawasindikiza mpaka njia panda. Mimi ni mshenzi.

Jumatatu, 22 Julai

Nimeng'oa sabufa. Boksi nimelipasua kwa shoka. Ule waya mwembamba nimeutoa mwisho.

Nimemweleza Mama Zuhura yote. Nilidhani atanitukana, nilitamani anitukane. Alichambua mchele mpaka ukaisha. Kisha akasema nisimwambie mtu. Watoto wako shule. Gari ndilo tunalokula. Nikifungwa, mguu hauoti.

Ana haki ya kusema hivyo. Aliniambia mapema nizime, sikumsikiliza. Leo ndiyo nimsikilize?

Jumatano, 24 Julai

Nimekwenda hospitali. Nilikuwa naahirisha tangu wiki iliyopita, kila siku na sababu yake.

Idrisa amekonda. Shuka limelala bapa mahali penye mguu. Aliniamkia kwa heshima zaidi kuliko zamani. Akaniomba nimsogezee maji. Halafu, bila kunitazama, akauliza.

"Braza, ulipiga honi, eti?"

Akaendelea mwenyewe. Anasema kila mtu anamwambia ililia. Baba anamwambia ililia. Ameanza kuona labda ililia na yeye ndiye hakusikia, labda kichwa chake kina kasoro, maana anaikumbuka kona ile waziwazi na ilikuwa kimya kabisa. Anaogopa. Siyo mguu, anasema mguu ameshaulilia. Anaogopa kwamba hawezi tena kuamini masikio yake.

Nilimwekea glasi mkononi. Nikasema nitarudi.

Mguu nimemkata. Sasa namtia wazimu.

Alhamisi, 25 Julai

Nilipanda kwa Mzee Hoza saa mbili asubuhi, kabla hajaenda shamba. Mama Zuhura aliniona nikivaa viatu. Aligeuka akaendelea kufagia.

Mzee alinikaribisha barazani. Nikamweleza kwa Kiswahili, taratibu, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa maelezo ofisini. Fyuzi, waya, muziki, honi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia niseme tena, kwa Kishambaa. Nikasema. Kwa Kishambaa ilikuwa fupi. Honi yangu haikulia. Nilijua. Nilinyamaza. Mwanao alisema kweli.

Hakunipiga. Hakupandisha sauti. Niliomba radhi, akainua kiganja niache. Alisema yeye mwenyewe ana radhi ya kuomba, kwa Idrisa, na yake inatangulia. Alimwita mwanawe mwongo mbele ya wodi nzima. Akaingia ndani akavaa ile kanzu na lile koti. Akatoka akanipita.

Nilingoja barazani mpaka adhuhuri. Hakurudi. Mkewe aliniletea chai, hajui lolote, akanishukuru kwa kumtembelea mgonjwa. Chai sikuinywa.

Nimeteremka kwa miguu mpaka kituo cha polisi. Nimesema nataka kubadilisha maelezo yangu. Askari wa zamu akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Ufunguo wa gari na leseni viko mezani kwake. Anayeandika maelezo ameenda kula, nimeambiwa nikae kwenye benchi nisubiri. Nimekaa.