Zamu Yako kwa Kwamboka

Mokaya ndugu yangu, popote walipokuweka,

Leo ni Sabato. Mama ameenda kanisani, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza naandika nini. Amevaa lile koti lako la kijivu juu ya gauni lake jeupe. Nilimwambia linamfika magotini, akanijibu kwamba kanisani haendi kushindana urembo. Tangu wakuchukue, halivui ila akienda kulala, na hata hapo hulikunja akaliweka chini ya mto.

Nimeamua barua hii isomwe na kila mtu, maana waliokuchukua hawakutuachia anwani.

Kwanza nikueleze tulichokiona, usije ukaambiwa vingine. Ulikuwa unatoka kituo cha kuuzia majani ya chai. Ulikuwa umewakumbusha watu tena kwamba kiwanda walichojenga wazazi wetu kwa kuchangishana kimekodishwa kwa tajiri tusiyemjua, nasi tukasikia redioni kama wageni. Basi hakuna kupeleka jani hata moja mpaka wenye kiwanda tuulizwe. Gari jeupe lisilo na namba likasimama. Wakashuka wanaume wanne. Mmoja akakuita kwa jina lako la ubatizo, kwa adabu, kama mtu aliyekuletea mzigo. Ulipogeuka, miguu yako haikuwa tena chini. Wewe uliyezoea kuongea mpaka wasikilizaji wakae kwenye mawe, siku hiyo ulisema maneno mawili tu: "Mwambieni mama."

Sisi wote tukaangalia ndani ya vikapu vyetu. Vilikuwa vitupu, lakini tuliviangalia sana.

Tumezunguka vituo vya polisi mpaka walinzi wa getini wanatusalimu. Kila mahali hawana mtu wa jina hilo. Wanasema hivyo hata kabla hatujamaliza kulitaja.

Nakumbuka uliporudi kutoka mashamba makubwa ya Kericho, baada ya mashine ya kuchuma kuletwa na nyinyi vibarua kuambiwa mrudi makwenu. Wenzako walirudi na magodoro. Wewe ulirudi na gunia la vitabu, na maneno ambayo hata mchungaji hakuwa nayo: ubepari, ubeberu, tabaka la wafanyakazi. Jioni ya kwanza ulimkalisha mama ukamwambia kwa Ekegusii kwamba yeye maisha yake yote amenyonywa.

"Ndiyo," mama akasema. "Na wewe ndiye uliyeninyonya kuliko wote. Kukuachisha ilibidi nipake pilipili."

Ulicheka mpaka ukamwaga chai. Lakini hukukoma. Chakula hakikupita mdomoni bila wachimba migodi wa Bolivia, wanawake wa mashamba ya India, watu wa Gaza, vijana wa Sudan. Mimi niliyeacha shule darasa la saba nikajifunza dunia nzima nikimenya ndizi. Nilikuwa nakuchokoza: hao wa Bolivia wanajua kwamba paa letu linavuja? Ulikuwa unanijibu bila kutabasamu: "Dada, mvua yao na yetu inatoka kwa tajiri mmoja." Nilikuona mjinga kidogo hapo. Sasa kiwanda chetu kina tajiri mwenye ofisi nchi ambazo sizijui, nami siku hizi nawafikiria watu wa Bolivia nikiteka maji.

Unakumbuka darasa lako la kwanza pale Ikonge? Ulikodi chumba nyuma ya kinyozi, ukapanga viti kama vya harusi. Wakaja watu watatu. Mmoja alikuwa anakimbia mvua. Wa pili alikuwa mimi. Wa tatu alikaa mbele kabisa, akaandika kila neno, akakuuliza namna ya kuandika "ubeberu". Tulipotoka ulikuwa unafurahi kwamba umepata mwanafunzi hodari. Mimi nilikuwa nimeona viatu vyake. Mkulima wa hapa hana viatu vya namna ile. Sikukuambia mpaka tulipofika nyumbani, na hata hapo ulisema, "Basi naye amejifunza."

Njiani siku hiyo ndipo tulipogombana. Nilikuambia maneno yako ni makubwa, hayaingii kwenye mlango wa nyumba ya mtu. Hapa watu wana neno lao: risaga. Majirani wanakuja kwako na majembe, wanamaliza shamba lako, unawalisha, kesho mnahamia kwa mwingine, mpaka kila nyumba ipate zamu. Hakuna anayemwajiri mwenzake. Nikakukumbusha risaga za kwa nyanya, ulivyomuuliza siku moja mkubwa wa kazi ni nani.

"Mkubwa ni sufuria," nyanya alisema. "Chelewa uone."

"Risaga si mapinduzi," ukaniambia.

"Kwani mapinduzi watakuja kukufanyia wageni?"

Ukanitangulia kwa hatua ndefu mpaka nyumbani. Nilidhani umekasirika.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako. Wiki ile ile alikuja mtu nyumbani, msafi, mpole, akavua kofia mlangoni. Mama akampa kiti na chai, maana alidhani ameleta habari zako. Alikunywa kikombe chote. Kisha akasema, "Mama, mimi ni kama kijana wako. Mwenye kelele tunashindwa kumsaidia. Anzeni nyinyi kuchuma, mpeleke majani kama kawaida, wengine watawafuata. Mokaya atarudi."

"Wewe umemwona?" mama akamuuliza.

"Chumeni, mama."

Akaondoka. Mama hakulala na mimi sikulala. Asubuhi akachukua kikapu. Sikumzuia, ndugu yangu. Nilichukua na changu nikamfuata. Ungefanya nini wewe? Ungetoa hotuba, najua. Mimi sikuwa na hotuba. Nilikuwa na mama mbele yangu, amevaa koti lako, anatembea haraka.

Tulipofika shambani, majani yalikuwa yameshapita kimo, yanatikisika juu ya meza ya chai, ule usawa wa kuchumia. Mama hajagusa hata tawi, tukasikia mtu anapiga hodi kwenye ua. Kwamboka, jirani yetu wa chini, ameshika panga la kupogolea.

"Bwakire, Mama Mokaya. Nimekuja risaga."

"Nani ameita risaga?"

"Mwenye nyumba hajui?" Kwamboka akanitazama. Nami sikujua. "Mokaya alipita nyumba zote kabla hajachukuliwa. Alisema mwaka huu chai tunapogoa yote, shamba kwa shamba, tuanze na la mama yake. Chai iliyokatwa, nani atakuja kukulazimisha uichume?"

Nyuma yake wakaanza kutokea wengine, mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, kila mtu na panga. Kumbe ndiko ulikokuwa unaenda zile jioni ulizosema unaenda kutazama mpira. Ulichukua neno langu ukaliweka mfukoni, na hukuniambia hata asante!

Lakini unajua desturi. Risaga haianzi mpaka mwenye shamba akate wa kwanza. Watu wakasimama kwenye mistari, mapanga chini, wakimtazama mama na kikapu chake. Akichuma, huenda ukarudi. Akikata, hakuna cha kuchuma kwa miezi, na ahadi ya yule mtu imekufa pale pale.

"Nikikata," mama akauliza, "mwanangu atarudi?"

Ningependa kukuandikia kwamba mtu alimjibu vizuri. Kwamboka ndiye aliyesema, "Hatujui, mama. Na ukichuma pia hatujui."

Mama alikaa chini kwenye ukingo. Alikaa muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akainuka, akanipa kikapu, akachukua panga la Kwamboka. Mche wa kwanza haukukatika kwa pigo moja, maana machozi hayamwonyeshi mtu pa kukata. Lakini ulikatika. Kisha mlima wote ukaanza kulia mapanga.

Saa nne naibu chifu akafika na askari wawili, jasho linamtiririka. "Huu mkutano una kibali?"

"Mkutano gani?" Kwamboka hakuinua hata kichwa. "Wewe unasikia mtu anaongea hapa?"

"Mnazuia watu kuchuma!"

"Tunapogoa. Afisa wa kilimo mwenyewe alitufundisha. Shika panga, au utupishe njia ya kuni."

Akatazama mistari akitafuta mchochezi. Akamwona mama yake mzazi kwenye mstari wa tatu, ameinama, hajamsalimu. Alivua kofia, akaivaa tena. Saa ya chakula alikula ugali wetu amesimama, akaondoka. Nasikia ripoti yake ilisema alikuta wanawake wakitafuta kuni.

Sasa ukisimama mlangoni kwetu, ukitazama upande wa Kebirigo, mlima ni kahawia. Unatisha kidogo, kama kichwa kilichonyolewa cha msiba. Kituo cha majani wamekifunga kwa kufuli, na ndani hakuna cha kulinda.

Yule mtu mpole alirudi jana. Safari hii hakupewa kiti. Alitazama mashamba, akasema, "Nyinyi ndio mmemmaliza kijana wenu."

Mama akasimama mlangoni na koti lako. "Mlimchukua mzima, tukiona. Mtamrudisha mzima, tukiona."

Ndiyo maana naandika hadharani. Walitaka tunyamaze, nasi tulinyamaza, na kunyamaza hakukukurudisha. Kwa hiyo anayesoma hapa ajue: ni Mokaya, mrefu, ana pengo la jino la mbele, siku ile alivaa shati la bluu na gambuti. Aliyemwona aseme. Na wewe uliyeshika ufunguo wa chumba chake, msomee barua hii kwa sauti. Ukiona anacheka kwenye pilipili, huyo ndiye.

Naogopa, ndugu yangu. Nikisikia gari nashika mlango. Siwezi kukudanganya kwamba tulifanya sawa. Najua tu kwamba tulifanya wote.

Kila nyumba iliyokuja kwetu inatudai mtu. Zamu zako nimezifanya mimi, mikono imeota malengelenge unayoyajua. Imebaki ya Kwamboka peke yake. Nilipoenda na panga alinirudisha getini. Amesema shamba lake litakaa hivyo hivyo na majani yake, katikati ya mlima uliokatwa, kila mtu alione, mpaka aje yule aliyeita risaga.

Panga lako nimelinoa.

Dada yako mkubwa