Peni Yangu ya Lincoln

Jumamosi, 14 Septemba 2019

Nimeipata! Peni, sarafu ya fedha ya Mfalme Edwardi wa Kwanza! Miaka sita nazunguka na mashine ya kutafutia vyuma kwenye mashamba ya watu, nafukua vizibo vya bia na misumari – na leo hii! Nyembamba kama ukucha. Sura ya mfalme imekosa sikio moja, mgonga sarafu alipiga nyundo upande. Nyuma kuna msalaba, na jina la mji ilikogongwa: Lincoln. Mji wangu mwenyewe! Nimelia palepale shambani, bila haya.

Trevor wa klabu yetu ya wasaka vyuma, yule anayeniita Bibi Vizibo, aliitazama akameza mate. Eti bahati ya mgeni. Mgeni! Miaka sita!

Jumapili, 15 Septemba

Nimempelekea Bwana Osgerby, mwenye shamba. Angeweza kuidai. Akaigeuzageuza, akasema kaa nayo Glenys, wewe ndiye uliyeinama.

Dada yangu Noreen alitaka kuisugua kwa dawa ya meno ing'ae. Nimempigia kelele mpaka paka akatoka mbio. Ule weusi wake ndio miaka mia saba yenyewe!

Jumanne, 17 Septemba

Kura za klabu, kitu bora cha mwezi. NIMESHINDA. Trevor na bizimu lake la shaba, wa pili. Akanuna: “Moja tu hiyo, mama, usivimbe kichwa.” Acha nivimbe!

Katibu akarudia sheria, kama kawaida yake. Sarafu moja ya kale, mwenye shamba akiridhia, ni yako. Mbili za fedha zilizofukiwa pamoja ni hazina: zote zinaripotiwa, na jumba la makumbusho likizitaka, ndiyo basi tena. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa napigwa picha.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika shambani, nimekalia ndoo. Peni yangu iko mfukoni, ndani ya kikopo chake.

Mashine imelia. Karibu kabisa na shimo la wiki iliyopita. Nimechimba kidogo – ukingo wa sarafu ya fedha. Chini yake mwingine. Ee Mungu wangu.

Nikinyamaza, yangu inabaki yangu. Nikisema, zote ni hazina moja, naitoa hata hii ya mfukoni. Lakini nani katika klabu ile amewahi kupata hazina? Hakuna. Hata Trevor!

Huyo anakuja, mashine begani. Anapiga kelele toka mbali: “Vipi, Bibi Vizibo? Kizibo kingine?”

Kiatu changu kimefunika shimo.