Daktari wa meno ndiye aliyeniambia

Oya, ndo nimetoka kwa daktari wa meno. Nusu ya mdomo ina ganzi, nachapa tu maana kuongea vizuri siwezi.

Nilienda kwa sababu ya ile damu kila nikipiga mswaki. Kumbe fizi zinaoza mwanangu. Kanidunga sindano, akaanza kukwangua uchafu chini ya fizi, kwenye mizizi kabisa. Saa nzima.

Halafu ananiuliza, kwa upole: "Kaka, hii harufu nyumbani hawajakwambia?"

Nikamwambia naishi mwenyewe.

"Na kazini?"

Harufu. Mimi.

Unakumbuka nilivyokutambia kwamba bosi kanitoa karakana, kanipa kuchomelea mageti uani peke yangu? Eti fundi anayeaminika. Miezi minne nakula mchana mwenyewe huko, najiona mkubwa.

Dada yangu nikimtembelea, nikifungua mdomo tu anageukia sufuria.

Daktari anasema inatibika. Niswaki asubuhi na usiku, nipitishe uzi kati ya meno, sigara niache. Sawa. Ila miezi minne, watu wote hao, kimya.

Na wewe kila tukikaa unanipa pipi ya minti. Nikadhani roho nzuri. Ulikuwa unajua, si ndiyo?

Alhamisi anamalizia upande wa kushoto, anataka nije na mtu wa kunirudisha. Nikakutaja wewe. Nilifikiria mwingine, sikumpata.

Njoo tu. Hata kama ulikuwa unajua.